Habari za Kazi ya Gatini, na Watu Wanaobaki Nje ya Lango

Ndugu wasomaji, mara nyingi katika vikao vyetu yasikika maneno haya: "Vijana wa siku hizi hawataki kazi." Huyasema wazee wenye mashamba, nao huyasema kwa uchungu, maana wamewasomesha watoto wao kwa taabu, na watoto wamekwenda mjini, na mjini hawakupata kitu. Kabla hatujalikubali neno hili wala kulikataa, yafaa tuichukue kazi moja tu, tuitazame toka mwanzo wake hata leo, tuone jinsi vyombo vyake vilivyobadilika na jinsi watu walivyobadilishwa navyo. Nimechagua kazi ya kupakia na kupakua meli katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Habari zake zajulikana vema, tena watu wa bara na watu wa pwani wameifanya pamoja, hata hakuna kabila litakalosema kwamba jambo hili haliwahusu.

Tuanze na neno kibarua. Maana yake ya kwanza ni barua ndogo. Mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa cheti kidogo, akakitunza, na siku ya kulipwa alikitoa, akapokea ujira wake. Hatimaye jina la cheti likawa jina la mtu mwenyewe. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, wengi wa vibarua hao walikuwa watumwa ambao bwana zao waliwatuma mjini kutafuta kazi, na ujira wakagawana na bwana. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Mombasa mwaka 1907. Neno likabaki, na kazi ya siku moja moja ikabaki pia, lakini maana yake kwa mtu mwenyewe iligeuka. Yule aliyetumwa zamani sasa alikwenda kwa mapenzi yake, na jioni alirudi nyumbani na fedha yote mkononi, wala hapakuwa na mtu mwenye haki juu ya siku yake ya kesho. Jambo hili tulikumbuke, kwa kuwa litatufaa mbele.

Gati mbili za kwanza za maji marefu zilimalizika Kilindini mwaka 1926. Kabla ya hapo meli zilitia nanga mbali kidogo, na shehena ikaletwa pwani kwa matishali. Dar es Salaam walingoja mpaka mwaka 1956 kupata gati za namna hiyo. Lakini hata gati zilipokuwapo, kazi kubwa ilikuwa ya mikono na mabega. Watu walifanya kazi kwa magenge. Wengine walishuka katika tumbo la meli, wengine walikaa juu kwenye winchi, wengine walipokea chini gatini na kusukuma mikokoteni mpaka ghalani. Kila genge lilikuwa na mkubwa wake, ndiye serahangi. Chombo cha mchukuzi kilikuwa kulabu yake na kamba na wavu.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba ilitaka nguvu tu. Sivyo. Gunia la kahawa lina namna yake ya kupokelewa mgongoni, na asiyeijua namna hiyo huumia kiuno siku ya kwanza. Shehena haipangwi ovyo ndani ya meli: mizigo mizito ina mahali pake, na ile itakayoshushwa katika bandari ya kwanza haiwekwi chini ya ile ya bandari ya mwisho. Ngozi haziwekwi karibu na kahawa, maana kahawa hushika harufu upesi, na mnunuzi wa ng'ambo ataikataa. Robota za katani zikipangwa vibaya nafasi hupotea, na zikilegea hutembea baharini. Haya yote hayakufundishwa shuleni wala hayakuandikwa. Kijana aliingia gengeni, akasimama karibu na mtu mzima, akatazama, akakaripiwa, akajaribu tena. Genge lenyewe ndilo lililomfundisha, na mwanafunzi alilipwa ujira siku ile ile aliyoanza kujifunza. Hakuna aliyemdai ada.

Namna ya kupata kazi ilikuwa hivi. Asubuhi watu walikusanyika langoni, na wakubwa wa magenge wakatoka na kuchagua. Huyu aliitwa, huyu aliachwa. Wasomaji wetu wamekwisha kuona desturi hii katika Mathayo 20, habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kwenda sokoni kuajiri watu. Wale waliokutwa bado wamesimama saa ya jioni hawakuwa wavivu; walisimama kwa sababu hakuna mtu aliyewaajiri. Langoni ilikuwa vivyo hivyo. Serahangi alimchagua ndugu yake, au mtu wa kwao, au mtu aliyemtia kitu mkononi. Hatuwezi kuisifu desturi hiyo.

Walakini kibarua naye alikuwa na uchaguzi wake. Kama ana mihogo ya kupalilia, hakwenda langoni. Kama samaki ni wengi, alikwenda baharini. Akitaka fedha ya kodi au ya arusi, alifanya kazi siku nyingi mfululizo, kisha akapumzika. Wenye makampuni na wakubwa wa Serikali waliona vibaya sana. Waliandika kwamba watu wa pwani ni wavivu, hawapendi kazi ya daima, hawajui thamani ya wakati. Mimi sioni uvivu hapo. Mtu anayebeba magunia toka asubuhi mpaka jioni ndani ya tumbo la meli lenye joto, kisha akaamua mwenyewe kama atarudi kesho, huyo si mvivu. Lakini angalieni, ndugu: neno lile tunalowaambia vijana wetu leo, babu zao waliambiwa vile vile.

Basi ikatokea kwamba uhuru huo mdogo uliwapa vibarua nguvu ambayo wakubwa hawakuitazamia. Mwajiriwa wa mwezi akiacha kazi hupoteza mahali pake. Kibarua akikaa nyumbani hupoteza ujira wa siku moja tu. Mwaka 1939 wafanya kazi wa bandari waligoma Mombasa na Dar es Salaam. Dar es Salaam waligoma tena mwaka 1943, na mwaka 1947 mgomo wao ulienea mpaka miji mingine ya Tanganyika. Mwezi wa Januari mwaka ule ule wa 1947, Mombasa nzima ilisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, wa gatini, wa reli, wa mahotelini na wa nyumbani. Unguja ikafuata mwaka 1948, nako walianza watu wa bandari. Serikali zikafahamu kwamba watu wasiofungwa na mwajiri mmoja hawatishiki kwa urahisi.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa daftari. Katika miaka ya 1940 na 1950 vibarua wa Kilindini waliandikwa majina. Aliyeandikwa alipewa haki ya kuitwa kazini, asiyeandikwa hakuitwa. Aliyeandikwa alipaswa kufika idadi fulani ya siku kila mwezi, na aliyepungukiwa aliondolewa daftarini. Polepole walioandikwa wakawa wachache kuliko wale waliokuwa wakisimama langoni zamani, na kazi yao ikakaribia kuwa ya daima. Ujira ukapanda. Chama cha wafanya kazi wa bandari kilianzishwa, na katika mgomo wa mwaka 1955 Tom Mboya alikuja kusaidia katika mashauri, na watu wakapata nyongeza njema. Mtu wa gatini akawa mtu wa kuheshimiwa mjini. Aliweza kupanga nyumba, kukaa na mkewe, na kusomesha watoto.

Nani atasema kwamba hayo hayakuwa mema? Mimi sisemi. Lakini yatupasa kumtazama na yule mwingine, ambaye habari zake hazisimuliwi. Yule aliyezoea kuja mjini mwezi mmoja, akatafuta fedha ya kodi, kisha akarudi shambani kwake, alikuta lango limefungwa. Hakufukuzwa na mtu, maana hakuwa ameandikwa. Hakuhesabiwa miongoni mwa waliopoteza kazi. Hapa ndipo nionapo jambo lenyewe la somo hili: kazi ilipotengenezwa ikawa nzuri kwa waliomo, mlango wake ulipungua upana, na waliobaki nje hawakuwa na mahali pa kulalamika.

Wakati huo huo, mbali sana, chombo kipya kilikuwa kikitengenezwa. Huko Marekani palikuwa na mtu mwenye magari ya mizigo, jina lake Malcom McLean. Aliona kwamba kushusha mzigo garini kipande kimoja kimoja na kuupakia melini kipande kimoja kimoja ni hasara. Akawaza: mbona tusilichukue sanduku lote la gari, na mzigo wake ndani, tukaliweka melini? Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka karibu na New York kwenda Houston, na juu yake masanduku 58. Hesabu ya siku ile yajulikana. Kupakia tani moja kwa njia ya zamani kuligharimu dola 5 na senti 83. Kwa njia mpya senti 16 hivi. Baadaye mataifa yalipatana juu ya vipimo, ndiyo makontena tunayoyaona barabarani, ya futi 20 na ya futi 40, yenye pembe zinazoshikwa na winchi ya bandari yo yote duniani.

Tazameni sasa kontena lilifanya nini. Halikumsaidia mchukuzi kubeba. Lilimwondoa ndani ya meli. Ule ustadi wote wa kupanga shehena, wa kutenga ngozi na kahawa, wa kukaza robota za katani, haukuhitajiwa tena gatini, kwa kuwa mzigo sasa hufungwa mbali, pengine bara kabisa, na watu wasioiona bahari. Meli iliyokaa gatini siku nyingi sasa huondoka baada ya saa chache. Katika London bandari za kale zilizokuwa ndani ya mji zilifungwa moja moja mpaka mwaka 1981, maana meli za makontena zilitaka maji marefu na uwanja mpana.

Hapa nitawachukua wasomaji mpaka San Francisco, kwa sababu watu wa gatini wa kule waliliona jambo hili likija, wakakaa kulishauri mapema kuliko wengine wote. Nao pia zamani walisimama pwani asubuhi wakingoja kuchaguliwa. Baada ya mgomo mkubwa wa mwaka 1934 walipata nyumba yao ya kugawia kazi, na desturi yao ikawa hii: mwenye saa chache za kazi huitwa kwanza. Hapakuwa na kipenzi wala ndugu. Mwaka 1960 chama chao, kilichoongozwa na Harry Bridges, kilifanya mapatano na wenye meli. Wenye meli waliruhusiwa kuleta mashini wapendavyo, nao wakatoa dola milioni 29 kwa muda wa miaka 5 na nusu. Kwa fedha hizo mwanachama kamili alihakikishiwa kwamba hataachishwa kazi kwa ajili ya mashini, na mzee aliyestaafu baada ya kazi ya miaka mingi alipewa dola 7,920 juu ya pensheni yake.

Yalikuwa mapatano ya busara, na wengi wameyasifu. Waliona kwamba faida ya mashini si ya mwenye mashini peke yake; ni haki aigawane na yule ambaye ustadi wake unabatilishwa. Lakini kulikuwa na watu wa daraja la pili, walioandikwa bila kuwa wanachama kamili, nao hawakupata ahadi ile. Na wale ambao hawajaajiriwa bado, wana wa mji ule waliokuwa shuleni mwaka 1960, hawakuwamo kabisa katika mashauri. Nafasi zilizokwisha kwa uzee hazikujazwa tena zote.

Tena lilitokea jambo jingine, nalo kwa maoni yangu latufundisha kuliko lile la fedha. Mashini mpya zilitaka waendeshaji stadi, na katika mkataba wa mwaka 1966 wenye meli walipata ruhusa ya kuwashika waendeshaji hao kama watu wao wa daima, bila kupitia nyumba ya kugawia kazi. Basi desturi ile ya "mwenye saa chache kwanza" ikapasuka. Mwendesha winchi alipata kazi kila siku na malipo makubwa. Mwenzake aliyebaki katika nyumba ya kugawia alingoja. Watu waliokuwa sawa kwa miaka 30 na zaidi wakatazamana vibaya. Neno hilo lilikuwa mojawapo ya sababu za mgomo mrefu wa mwaka 1971. Hakuna aliyekusudia kuwagombanisha ndugu hawa. Chombo kilimhitaji mtu mmoja, hakikuwahitaji wengine, na yule aliyehitajiwa akavutwa upande wa pili.

Sasa turudi Kilindini. Makontena yalikuja huku kwa wingi katika miaka ya baadaye, wakati bandari ilipokuwa imekwisha kutengwa na ile shirika ya Afrika Mashariki na kupewa mamlaka yake ya Kenya mwaka 1978. Mwaka 1984 Embakasi, Nairobi, palifunguliwa bandari ya nchi kavu, ili makontena yaende kwa reli mpaka huko kabla ya kufunguliwa. Mwaka 2023 Mombasa ilihudumia makontena zaidi ya milioni moja na nusu kwa kipimo cha futi 20. Hakuna hesabu ya mabega iwezayo kufanya kazi hiyo.

Na si mchukuzi peke yake aliyepitwa. Katika siku za magunia kulikuwa na karani wa kuhesabu shehena, aliyesimama na kalamu na daftari, akaandika kila wavu unaposhuka. Kazi hiyo ilikuwa heshima ya watoto wa shule za misioni. Baba aliyempeleka mwanawe kusoma alimtarajia awe karani, asibebe gunia. Mwaka 2008 bandari ya Mombasa ilianza kutumia kompyuta kuendesha shughuli zake za gatini na za uwanjani, na namba ya kontena ikiingizwa mara moja huonekana katika ofisi zote. Kalamu iliyomshinda mwenye mabega nayo imewekwa kando. Nalitaja jambo hili makusudi, kwa sababu wako baadhi yetu wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya watu wasiosoma.

Lakini yako na mema, wala tusiyafiche. Nguvu za mabega zilipoacha kuwa kipimo, mlango ulifunguka upande mwingine. Mwanamke hakuweza kuingia katika genge la magunia. Leo wako wanawake bandarini wafanyao kazi ambazo zamani zilikuwa za wanaume tu, na Mombasa alikotoka Elizabeth Marami, mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa rubani wa kuingiza meli bandarini. Kinachotakiwa sasa ni jicho, na uvumilivu, na akili tulivu, na kujua kusoma alama katika kioo cha kompyuta. Mwendesha winchi hukaa juu sana katika kijumba chake, peke yake, saa kwa saa. Hana genge la kuimba naye, hana mzee wa kumkaripia. Huko Rotterdam tangu mwaka 1993 magari yasiyo na dereva huchukua makontena uwanjani, na katika gati iliyofunguliwa mwaka 2015 mwendesha winchi hayumo winchini, bali amekaa ofisini akiiongoza kwa mbali.

Basi kijana hujifunza wapi, ikiwa genge halipo? Hujifunza chuoni: Mombasa katika chuo cha bandari, Dar es Salaam katika chuo cha mambo ya bahari. Mafundisho ni mazuri. Lakini zamani genge ndilo lililolipa gharama ya kumfundisha, na leo hulipa baba yake, kabla haijajulikana kama kazi itapatikana. Ng'ombe huuzwa, shamba huwekwa rehani, cheti hupatikana, na cheti hicho ni cha mashini moja, ambayo yaweza kubadilishwa kabla deni halijalipwa. Mzee anayesema kijana hataki kazi na alifikiri jambo hili. Yeye alifundishwa huku analipwa. Mwanawe anatakiwa alipe ndipo afundishwe.

Na yule kibarua wa zamani, je, amekwisha? Hakuisha, amehamishwa. Kontena likifika mwisho wa safari lazima lifunguliwe, na mara nyingi mizigo iliyomo hutolewa kwa mikono. Nendeni katika maghala ya Mombasa, au ya Nairobi, au ya Dar es Salaam, mtawaona vijana wamesimama nje asubuhi, na mtu mmoja akitoka na kuwachagua. Hawamo katika daftari la bandari. Mapatano ya ujira wa gatini hayawafikii. Akiumia mgongo, mara nyingi hakuna mkataba wa kuonyesha kwamba alikuwa kazini. Wengi wao wamesoma kuliko babu zao, na ile nafasi ya kuamua kutokwenda langoni hawana, kwa kuwa shamba limegawanywa na samaki wamepungua.

Mwezi wa Oktoba 2024 watu wa gatini wa mashariki ya Marekani, wapatao 45,000, waligoma siku tatu. Walidai ujira na ulinzi dhidi ya mashini zisizo na mtu, na mkataba waliopatana mwanzo wa mwaka 2025 uliwapa nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka 6, pamoja na mipaka juu ya mashini hizo. Nawafurahia. Hata hivyo nimesoma habari za mkataba huo nikitafuta neno juu ya mtu asiye mwanachama, nami sikuliona.

Mwalimu atakayelisoma somo hili mbele ya watu na aanze kwa kuwauliza waliopo: ni nani aliyepata kazi yake ya kwanza kwa kusimama mahali asubuhi na kungoja kuitwa, na ni nani aliyeipata kwa cheti? Tena awaulize: aliyekufundisha kazi hiyo alikuwa nani, naye alilipwa na nani? Vijana wajibu kwanza, wazee baadaye.